Msumeno

Nimeandika mihtasari Mafinga miaka kumi na miwili,
nimezoea mikono inayonyanyuka bila macho kuinuka.
Leo, kifungu cha nne: mita sitini toka chemchemi,
mkaratusi usisimame.

Diwani Kihwele akakohoa.
Yake ni mia tatu, mizizi imo kijitoni,
ada ya watoto imo humo.
Bi Mkongwa, wa chama kingine, hakumsukuma;
alimsogezea chai.
Mkono ukapanda, mzito kama gogo bichi.

Jumamosi, ukungu haujainuka,
wawili hao wameshika msumeno mmoja,
huku ukivutwa, kule ukiachiwa.
Sheria, tuliambiwa shuleni, hukata mbele na nyuma.

Nyuma yao watoto wanafukia miche ya mivengi.
Hilo sikuliandika.
Halikuwamo kwenye ajenda.