Zamu Yangu ya Ufagio

Jumamosi ya tatu ni yangu. Imeandikwa mlangoni
kwa mwandiko wa Bibi Clabburn, uliolala kama majani ya upepo.
Ufunguo ni mrefu kuliko kiganja,
na kufuli lina tabia zake: lisukume kwanza, ndipo likusikilize.

Kanisa la Ermingford Ndogo halina marumaru.
Lina gumegume, vijiwe vya mashambani,
vilivyookotwa na wanawake nyuma ya jembe la ng'ombe.
Haba na haba hujaza kibaba; hapa ilijaza ukuta.
Ukuta ulipofika mabegani, wakangoja.
Chokaa haitaki pupa, ukiiharakisha
itakuumbua wakati wa barafu.
Mwaka uliofuata wakapandisha tena.
Mstari wa kila kiangazi ungali unaonekana,
kama alama ya gauni lililoshushwa upindo
mtoto aliporefuka.

Mnara ulianguka usiku, kabla ya Krismasi.
Hakufa mtu, ila bata wawili wa kasisi.
Bei ya sufu ilikuwa imeporomoka, nani angeujenga tena?
Katika kengele tatu wakauza mbili wapate kuezeka paa:
waliuza sauti wakanunua kofia.
Na kofia yenyewe, miaka sita iliyopita,
wezi waliibandua risasi yake yote, wakaipakia lori, wakaenda.
Bibi Clabburn hakulia. Alileta ndoo saba.

Karibu na birika la ubatizo kuna ubao wa makasisi.
Mwaka wa tauni una majina matatu:
Hugo. Adamu. Wiliamu.
Kisha mbao tupu, upana wa vidole viwili,
kisha mtu mwingine, miaka minne baadaye.
Napangusa majina. Napangusa na pengo.

Waokota mawe hawamo ubaoni.
Babu yangu naye, kule Muheza,
alifyatua matofali ya kanisa letu mpaka kucha zikamtoka,
na jiwe la msingi lina jina la askofu.
Sisemi kwa uchungu. Nasema kwa kuwa nina ufagio mkononi
na hakuna anayenisikia ila popo.

Jumapili tunakuwa tisa, kumi nikiwa sina zamu hospitali.
Barua ya dayosisi imebandikwa karibu na rafu ya vitabu:
maneno ya upole, tarehe ya kikao.

Chini ya benchi la nyuma kuna kigae
chenye unyayo wa mbwa.
Udongo ulikuwa mbichi, umeanikwa juani,
naye akapita, pengine akafukuzwa kwa matusi.
Huwa napiga goti hapo, nalowesha kitambaa,
nasafisha kidole kimoja kimoja, vidole vinne na kisigino,
kwa makini kuliko ninavyosafisha altare.
Mungu anajua, na Bibi Clabburn asijue.

Nje imeanza kunyesha.
Naisogeza ndoo ya tano kidogo kushoto.
Tone limehama.