Kuhesabu Mikono Dirishani

Jumapili ya mwisho ya Aprili, theluji bado imekalia vivuli,
wanaume wa mji wetu wa milimani walijifunga panga za babu zao
wakashuka uwanjani kupiga kura kwa mkono.
Upanga ndio uliokuwa kitambulisho.
Wa baba ulikuwa umeliwa na kutu,
usingekata hata jibini,
lakini ulimvusha kamba,
na kamba hiyo mama hakuivuka hadi anazikwa.

Sisi tulikuwa juu, kwa shangazi Walburga,
dirisha moja, wanawake saba,
harufu ya kahawa na uzi mpya.
Shangazi alikuwa mdarizi, macho yamezoea kuhesabu nyuzi.
Siku hiyo alihesabu mikono.
"Notburga, safu ya tatu, mumeo kaubana wake kwapani."
"Namwona."
"Ottilia, wako kauinua nusu."
"Nusu ndiyo kawaida yake," akasema Ottilia,
tukacheka mpaka mwoka mikate wa chini
akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Hoja: je, wanawake nao wapige kura?
Mikono ya ndiyo ilikuwa michache, kama meno ya kikongwe.
Ya hapana, uwanja ukawa msitu.
Shangazi akaandika kwenye daftari la oda,
kati ya foronya mbili na leso za harusi:
ndiyo, mia moja na kumi na tatu.
Mwaka jana, tisini na nane.
"Kumi na watano," akasema, akitulamba kwa macho.
"Nani kati yenu kawapika hao?"

Jumatatu alipanda kwa Baptist, akamkuta akikamua.
Hakumhutubia. Alivuta kigoda, akamshika ng'ombe wa pili.
Ndoo zilipojaa ndipo akauliza:
"Daraja likibomoka nani hulipa?"
"Sote."
"Na nani aliamua lijengwe penye mafuriko?"
Baptist akamtazama ng'ombe,
kana kwamba ng'ombe ndiye aliyeamua.

Mwalimu mmoja alirudisha foronya,
hawezi, alisema, kulaza kichwa juu ya siasa.
Shangazi akazifumua herufi zake,
akadarizi za mteja mwingine.
Na wapo wanawake, tusilifiche hili,
waliotufungia mlango: "Mimi mume wangu hunisemea."
"Vizuri. Na jino lako likiuma,
anang'olewa yeye?"

Daftari likajaa, likanunuliwa jingine.
Ottilia akafiwa na ile nusu yake, akalia kama mtu aliyefiwa na nzima.

Barua ya majaji ilipofika kutoka mji wa mbali
watu walisema tumeletewa haki kwa posta, bure.
Sikubishana.
Niliyaona majina chini ya malalamiko,
na herufi W yenye mkia wa darizi.

Mwaka uliofuata tulivuka kamba na kadi mkononi.
Hoja ya kwanza haikuwa utu wala usawa.
Ilikuwa bomba la maji machafu, mtaa wa chini.
Shangazi alikuwa na miaka themanini na mmoja,
bega la kulia limegandishwa na sindano.
Akajaribu, mkono ukaishia kifuani.
Baptist, upanga ukimgonga goti,
akanyoosha kiganja amshike kiwiko.
"Niache," akasema. "Hii si zamu yangu.
Wanaoinua sasa wanalitaka bomba. Mimi silitaki."

Walipoulizwa wanaopinga, akainua wa kushoto,
vidole vitano vilivyochomwa maisha yote,
akaushikilia hapo hata baada ya karani kumaliza kuhesabu.

Bomba lilipita.
Tulishindwa, yeye na mimi na wachunga mbuzi kadhaa.
Akarudi nyumbani akinuna njia nzima,
akiwalaani wenye bomba kwa majina,
kama raia.