Upande wa Kushoto

Miaka kumi na tisa nasoma mita za maji Ngamiani.
Nabisha hodi, nainama penye kifuniko cha chuma,
nafuta tope kwa kidole gumba, naandika tarakimu.
Upande wa kulia wa daftari ni mali ya idara.
Wa kushoto haukuwa na mwenyewe,
nikautwaa.

Ulianza kwa swali, Barabara ya Kumi na Mbili:
ngamia gani, katika mji huu wa mvua na mkonge?
Mama Kilua, unga wa ngano hadi viwikoni,
akasema walilala hapa, wakitoka bara na mizigo,
na usiku walitafuna kama watu wanaohesabu deni.
Mumewe, asiyeonekana, akapaza sauti toka ndani:
"Uongo! Lilikuwa jina la mtu. Alikuwa na shingo!"
Nikaandika yote mawili.
Mita: sifuri sifuri nne moja saba.

Nikaandika nani aliuza kitanda cha besera
akamsomesha binti ualimu,
ukuta upi una tundu la risasi, na ukuta upi
una tundu la msumari wanalosema ni la risasi.
Nikaandika mwaka bei ya mkonge ilipoanguka,
si mwaka wenyewe, hakuna aliyeukumbuka,
bali kwamba Mzee Mntangi alirudi toka shambani
na kisu cha kukatia, akakigeuza cha kuparia samaki.

Bi Nyevu, Barabara ya Kumi na Tano, hakuwa akijibu maswali.
Alinipa kwanza maji ya kunywa,
yale yale niliyokwenda kuyapima,
kisha akatoa ubeti, jicho kwenye kreni ya jirani:

   Mti ukikua juu, mizizi yashuka chini,
   na mji nao ni huu, una nini mchangani?
   Wajenga ghorofa kuu, kwa msingi wa jirani,
   utachoka na maguu, ukitafuta nyumbani.

Sikuuelewa. Niliunakili kwa kuwa ulikuwa mzuri.
Alifariki mwezi wa Shaabani. Warithi kumi na mmoja,
wakauza kabla ya arobaini. Greda likaja alfajiri.
Nyumba ya udongo na boriti haichukui muda:
saa mbili, pamoja na chai.
Nami, kulia kwa daftari, nikaandika: IMEFUNGWA.

Mwaka huu wameleta mita zinazojisoma zenyewe.
Bwana Semkiwa wa stoo akataka madaftari yote;
muuza karanga wa stendi ameshalipia kwa kilo.
Nilimpa mawili. Kumi na saba nikasema yameliwa na mchwa,
Mungu anisamehe, na mchwa pia.

Juzi, kiwanjani kwa Bi Nyevu, bomba likapasuka,
maji yakajaa shimo la msingi mpya hadi kiunoni.
Ramani za mabomba ya zamani, kule idarani,
ndizo zilizoliwa na mchwa kweli.
Injinia, kijana, viatu mkononi, akanipigia.
Nikaja na daftari la sita, nikasoma kwa sauti:

"Paka wa Bi Nyevu halali ila jikoni, kona ya mlango wa uani,
hatua nne toka kisiki cha mfenesi,
sakafu hapo baridi. Anasema chini yake
Wajerumani walipitisha bomba. Au Waingereza.
Tumegombana."

Kisiki kilikuwepo bado, ukingoni mwa shimo.
Wakahesabu hatua nne, wakachimba.
Koki ya shaba, kijani kwa kutu, ikagoma,
ikalia, ikakubali.

Injinia akatoa simu, apige picha mistari miwili tu:
hatua, kisiki. Mengine akayaziba kwa kiganja.
Nikamwondoa mkono.
"Ukitaka bomba," nikamwambia, "chukua na paka."

Akacheka. Kisha, maji yakimchuruzika surualini,
akauliza huyo Bi Nyevu alikuwa nani,
nami nikatafuta pa kukaa.