Mkono Mmoja Mfukoni

Salo, Januari ya hamsini na tatu.
Madirisha ya kiwanda yameganda kwa ndani,
na Impi Lehtovaara, hata kabla ya salamu:
"Mkono wa kushoto, mfukoni."
Nikadhani ni adabu ya mjini.
"Ni volti mia mbili na hamsini," akasema.
"Zikiingia kiganja hiki zikatokea kile,
njia yao ni moyoni,
na moyo hauna fyuzi."

Redio zilitufikia uchi, bila makasha,
matumbo juu kama mende waliopinduka.
Tulikuwa na mita moja, mshale wake ukitetema
kama mtu aliyesahau neno,
kijiti cha mbetula kilichochongwa kwa kisu cha jikoni,
na pua.
Rezista huanza kunuka, ndipo ife.

Alianzia mwisho, kwenye spika,
akarudi nyuma kuelekea antena
kama aliyeangusha ufunguo thelujini
na sasa anazifuata nyayo zake mwenyewe.
Ncha ya bisibisi kwenye gridi: mmmm.
Hapa pazima.
Valvu ya nyuma yake: mmmm.
Hapa pazima.
Ya nyuma zaidi: kimya.
"Umeona? Usitafute popote pengine."

Ikaja 4117, iliyosema ikitaka.
Mita iliitetea: kila volti imekaa kitini pake.
Impi akavua miwani, akafumba macho,
akaanza kugonga kwa kijiti,
tk, tk, kiungo kwa kiungo,
nusu saa, chai yake ikipoa,
mpaka kimoja kikajibu kwa mkwaruzo.

Lehemu baridi. Ya kijivu, yenye chembechembe,
imeukumbatia waya bila kuupenda.
Nikaitambua: ni yangu, ya Ijumaa,
siku barua iliponiambia
nani analala sasa chumbani mwetu
ng'ambo ya mpaka mpya.

Kadi ya makosa ina safu ya jina la fundi.
Impi aliandika: kiungo kimerudiwa.
Penye jina akapaacha peupe,
akanisogezea chuma cha moto.

Baadaye sana waliingiza kabati la taa za kijani
lililopima viungo mia kwa pumzi moja.
Nililisimamia miaka tisa. Lilitushinda, sikatai;
halikuhitaji chai wala kufumba macho.

Ila mkono wangu wa kushoto hakuna aliyeuarifu.
Hata leo, nikibonyeza swichi ya jikoni,
uko mfukoni, umekunja ngumi,
unaulinda moyo.