Kisanduku cha Sababu

Fomu ina kisanduku kimoja, upana wa vidole viwili:
Kama hakujifungulia zahanati, eleza sababu.
Kalamu yangu ni ya serikali. Hutoa wino inapotaka.

Kageha anachambua maharagwe. Mtoto ana siku tisa,
amelala ndani ya karai, juu ya leso iliyokunjwa mara nne.
"Andika mbali," ananiambia.
Mbali.
Tuko Sabatia. Kutoka mlangoni pake
naliona bati la zahanati likimeremeta ng'ambo ya bonde.
Mbuzi wao hushuka huko na kurudi kabla ya chai ya saa nne.

Nangoja. Kazi hii imenifunza kungoja
kama mtu aliyeinjika mahindi makavu.

"Ilikuwa usiku," anasema. "Kijito kilikuwa kimejaa."
Anaokota jiwe, analitupa uani.
"Ligami wa pikipiki alitaka mia nne,
si unajua gizani bei hupanda kabla ya abiria."
Andolo yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua;
simu yake ilikuwa haipatikani,
na hela za nyumba hii hulala ndani ya simu hiyo.

Guku Jerida anapita na kuni. Hasemi nasi, anasema na kuku:
yeye alizaa saba jikoni, nyuma ya mlango ule,
na hakuna aliyemdai kadi.
Saba.
Nyuma ya mgomba kuna vilima vidogo viwili.
Kuku hawamuulizi.

Mto, nauli, mume, mavyaa:
kisanduku kimeshajaa, na Kageha hata hajaanza.

Kisha, bila kuinua macho:
"Mimba ya Mideva nilikwenda.
Nilikwenda mchana, kwa miguu yangu,
na beseni, na pamba, na kipande cha sabuni,
na blanketi la kuazima, maana langu lina tundu.
Yule muuguzi alilishika kwa ncha za vidole.
Nilipolia akaniuliza
kama nililia hivyo siku ya kuitafuta mimba.
Wenzake wakacheka.
Na mlango, dada. Mlango wa chumba kile haukuwa na komeo.
Kila aliyetafuta choo aliufungua.
Mzee mmoja, amekuja kufungwa kidonda,
alinikuta nimepiga magoti sakafuni.
Ni jirani yetu. Mpaka leo tukikutana njiani
anasalimia viatu vyangu."

Mtoto anapiga chafya. Tunacheka wote wawili,
kicheko kirefu kuliko chafya yenyewe.

"Na huyu, alitoka salama?"
"Yeye alitoka. Damu ndiyo iliyokataa kusimama
mpaka jogoo wa pili.
Guku alinikumbatia kiuno, akaomba kwa sauti
ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake."
Uani, kuni zinatuliwa chini taratibu,
moja moja.

"Yule muuguzi alihamishwa," nasema.
"Sasa yuko Chelimo. Huyu huuliza jina kwanza."
"Na komeo?"

Sijui.
Miaka mitatu nawasindikiza wanawake mpaka kwenye mlango ule,
nawasukuma kwa maneno matamu,
nageuka, narudi kwangu kupika.
Sijawahi kuutazama ukiwa umefungwa.

Naandika: mbali. Neno dogo, linaingia,
na nafasi ya nukta inabaki.

Nashuka bondeni. Maji yamepungua, mawe yametokeza migongo.
Nahesabu hatua, nasahau, naanza upya.
Dukani, kabla ya kona ya zahanati,
komeo ni shilingi themanini,
skrubu nne bure ukinunua na kiberiti.
Muuzaji anapekua kwenye mkebe wa vyuma:
"La lango, mama, au la banda la kuku?"

Nipe lile, namwambia,
ambalo mtu hulifunga akiwa ndani.