Rangi Mbili

Makao ya wazee, Newala, saa nane usiku.
Bi Somoe anabishana na dadake
aliyezikwa kabla sijazaliwa,
kwa Kimakonde nisichokielewa chote.
Mkojo unanuka, nimeandika.
Daktari kwenye simu akapiga mwayo:
"Mpe rangi mbili, siku saba."

Kopo la rangi mbili limejaa.
Ndoo ya maji ina robo;
bomba halijatoa tangu Ijumaa,
na sisi, tusidanganyane, tumekuwa tukimpunja kikombe
asikojoe kitandani.

Nikakirudisha kidonge.
Nikamnywesha maji kijiko, kijiko, hadi adhana.

Asubuhi akaniuliza mimi mtoto wa nani.
Nikamwambia. Akauliza tena.
Kitabuni, penye dozi, nimeandika: maji.
Daktari atafoka.
Kopo halijapungua.
Ndoo ndiyo imekwisha.