Mizani ya Sambaza

Paka kazalia ndani ya karatoni ya sabuni,
nyuma ya jiko letu, hapa Kadutu, usiku umeme ulipokatika.
Wanne. Macho bado maganda ya maharage mabichi.

Mama Nsimire hakusema neno. Asubuhi,
kabla ya kushuka sokoni,
alipangusa magamba kwenye mizani yake,
mtoto upande huu, sambaza kavu upande ule,
akahesabu samaki, akachora kwa makala ukutani
chini ya madeni ya watu.

Watatu wanaongeza samaki kila kukicha.
Wa nne, yule wa kijivu, siku ya tatu amepungua.

"Aliyeshiba hulala," kaniambia. "Anayelia bila kukoma ana jambo.
Aliyenyamaza na hajashiba, huyo ndiye wa kuogopa."
Akashika kidole changu, akakitia kinywani mwake:
baridi, kama jiwe la Ruzizi.
Nikavuta ngozi ya shingo. Ikabaki imesimama,
imesahau kurudi.

Nikakimbilia maziwa. Akanizuia.
"Joto kwanza. Tumbo lenye baridi halijui maziwa."

Basi chupa ya maji ya vuguvugu, kipande cha kitenge,
naye chini ya sweta yangu, ngozi kwa ngozi,
mvua ikitwanga mabati,
mlima ukimeguka mahali fulani,
na mimi sisogei.

Alfajiri akanyonya kidole changu.

Mizani ikasema: samaki mmoja zaidi ya jana.
Mama Nsimire hakushangilia.
Alimtoa yule mmoja, akampa paka mzazi,
ndipo akatafuta kipande cha makala.